Magurudumu ya Kumleta Wamuyu

Mimi nikikasirika huongea. Uliza mtu yeyote kule Mwala atakuambia, Syokau mdomo wake hauna breki. Kwa hivyo pata picha ilikuwaje kukaa siku mbili katika boma moja na mwanamume anayeharibu kazi mbele ya macho yangu, na mimi siruhusiwi kumwambia neno.

Mwanamume mwenyewe ni Kimotho, mume wa binti yangu Wavinya. Ana duka la vitabu na kalamu mjini Machakos, na nyumba yao iko Mumbuni. Wavinya alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku ya Jumatano, mtoto msichana, mjukuu wangu wa kwanza. Ijumaa nikafunga safari na jogoo mkubwa wa supu ya mzazi, nikajua nitakuta nyumba imejaa watu. Nikakuta Kimotho peke yake, anafagia uwanja. Wavinya na mtoto wangeruhusiwa kutoka hospitali Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Sasa, sisi Wakamba tuna kitu tunaita nthoni. Ni heshima kati ya mama mkwe na mume wa binti yake. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawaongei ana kwa ana, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Siku hizi wengi wameiacha. Kuna wanaokumbatiana mbele ya kanisa zima na hakuna aliyekufa. Hata mimi sikuwa na mpango wa kuishika. Lakini siku ya ntheo, siku waliyoleta mbuzi wa kuhalalisha ndoa, nilimnyooshea kijana mkono nimsalimie, naye akaruka nyuma akakalia sufuria ya mchele. Watu walicheka mpaka wakatokwa na machozi. Nilicheka pia, lakini ndani iliniuma. Nikasema, kumbe huyu Mkikuyu hanitaki. Haya, kama ni nthoni anatafuta, nitampa nthoni mpaka achoke.

Basi miaka mitano tukawa tunaongea kupitia Wavinya. "Mwambie mama chai iko tayari." "Mwambie mumeo nimeshashiba." Wavinya katikati, anageuza shingo huku na huku, maskini. Na sasa Wavinya alikuwa kitandani hospitalini. Kimotho alinifungulia chumba cha nje kilicho karibu na tangi la maji, akaweka blanketi mbili na chupa ya chai mlangoni, akaenda zake akiangalia chini.

Jumamosi asubuhi nikamwona anashughulika na gari lao, Probox ya zamani. Aliliinua kwa jeki, akalikalisha juu ya mawe ya kujengea, akatoa magurudumu yote manne akayalaza uwanjani. Rimu zilikuwa zimeliwa na kutu, hilo siwezi kubisha. Akasimamisha simu juu ya ndoo, ndani yake Mzungu mmoja anafundisha jinsi ya kupaka rimu rangi nyumbani. Halafu akatikisa mkebe wa rangi ya fedha na kulielekea gurudumu la kwanza, na kutu yake yote juu.

Ala! Hapa lazima nikwambie kuhusu marehemu mume wangu. Muthoka alikuwa fundi wa rangi ya magari, na miaka thelathini tulifanya kazi pamoja nyuma ya soko. Yeye alishika bunduki ya rangi, mimi nikashika msasa. Hakuna rimu iliyotoka pale bila kupita katika mikono hii. Na mtu ananiletea mambo ya kupaka rangi juu ya kutu, mita tano kutoka nilipoketi nikichambua mchele!

Nikamgeukia jogoo, aliyekuwa amefungwa kamba mguuni kando yangu.

"Wewe jogoo," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hebu niambie, wewe uliyesoma. Mtu akipaka rangi juu ya kutu, si itabanduka kabla mwezi haujaisha?"

Kimotho akaganda na mkebe mkononi. Hakuniangalia. Akaangalia jogoo, akaangalia gurudumu, akafikiria. Kisha akachuchumaa.

"Wewe gurudumu," akasema polepole, "mimi nilidhani ukioshwa na sabuni inatosha."

Nusura nimwage mchele. "Jogoo, sabuni ni ya kutoa matope tu," nikasema. "Ile rangi ya zamani yote inatolewa. Brashi ya waya kwanza. Halafu msasa, ule mkali, halafu ule laini, mpaka chuma kionekane. Halafu kitambaa na thina, kufuta mafuta. Halafu praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia. Ndiyo rangi."

"Gurudumu, umesikia? Tuna kazi," akasema Kimotho.

Basi ikawa hivyo asubuhi nzima. Yeye anasugua, mimi namfundisha jogoo. Akisugua kwa mviringo vibaya, namgombeza jogoo. Akiacha kutu kwenye kona, jogoo anaambiwa ana macho ya mapambo. Alikuwa na mikono ya mtu wa kushika kalamu, ikamchubuka mapema, lakini hakuacha. Alisugua hadi fulana ikamganda mgongoni. Nikamwona anapuliza vumbi kutoka kwenye rimu, anaipapasa kwa kiganja kama anavyofanya fundi wa kweli, na haki ya Mungu nikamkumbuka Muthoka. Nilianza kumpenda yule kijana, nasema ukweli. Kwa miaka mitano hatukuwahi kuongea maneno mengi namna ile.

Saa saba praima ilikuwa imekauka. Akatoa ndani boksi la kadi ngumu, akaanza kuzichomeka kati ya tairi na rimu, moja baada ya nyingine, kuzunguka pande zote, ili rangi isiguse tairi. Nikamwambia jogoo, huyo ana akili. Kimotho akatabasamu peke yake, akaingia ndani kula.

Nikasogea nione kazi. Zile kadi zilikuwa za harusi yao zilizobaki. Nikainama nisome, maana niliipenda harusi ile. Jina la baba yake Kimotho lilikuwepo. Jina la marehemu Muthoka lilikuwepo. Halafu baada ya Muthoka palikuwa na shimo. Shimo la pembe nne, limekatwa kwa wembe, safi kabisa. Mahali pale palikuwa na jina langu: Bi. Syokau Muthoka.

Nikachomoa ya pili. Shimo. Ya tatu. Shimo. Nikazunguka magurudumu yote manne nimeinama na mgongo wangu huu mbovu, na kila kadi jina langu lilikuwa limeng'olewa. Langu peke yake! Hata la mshereheshaji aliyelewa lilikuwepo.

Niliumia, na nisidanganye, nililia. Nikafikiria, kumbe chuki yake ni ya kukaa chini na wembe. Mtu anakatakata jina la mama wa mkewe kadi kwa kadi, na asubuhi anacheka naye kupitia jogoo. Nikarudisha kadi zake zote, nikamvuta jogoo wangu hadi chumbani, nikafunga mlango. Nikaapa kwamba kesho nitamwachia binti yangu supu jikoni, nirudi kwangu Mwala kabla hawajafika. Nitamwona mtoto siku nyingine, mahali pengine.

Lakini chumba kile kina dirisha, na mimi nina macho. Nilimwona anarudi, anapaka rangi. Mzungu alikuwa amenyamaza kwenye simu. Nadhani bando iliisha. Kimotho alipofika kwenye matundu ya nati akasita. Akaangalia alipokuwa jogoo, akakuta kamba haipo.

"Wewe gurudumu," akasema kwa sauti, akielekeza uso kwenye dirisha langu. "Sijui hapa kwa matundu napaka, ama naacha?"

Nilijua jibu. Muthoka alilijua kwa njia mbaya, mwaka wetu wa kwanza wa kazi. Mahali nati inapokalia rimu, na upande wa nyuma rimu inapokutana na gari, hapapakwi rangi nzito. Chuma kikae kwa chuma. Ukipaka, rangi inasagika, nati inalegea yenyewe ukiwa barabarani. Gurudumu la mteja wetu lilichomoka kwenye mteremko, likampita yeye mwenyewe akiwa ameshika usukani. Hakufa mtu, lakini Muthoka hakuonja chakula siku mbili.

Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Kimotho akangoja. Aliuliza tena, "Gurudumu, ama napaka?" Na mimi nikauma ulimi. Nikasema moyoni, si umenikata? Basi jifundishe. Akangoja kidogo tena, kisha akapaka matundu, mbele na nyuma, rangi juu ya rangi mara tatu, kwa sababu alitaka ipendeze. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na huwa siifichi.

Jumapili alfajiri nikamchinja jogoo. Supu lazima ichemke muda mrefu ndiyo imrudishie mzazi nguvu. Nikaiweka kwenye jiko la makaa, nikafunga mkoba wangu, nikauweka karibu na mlango. Kufikia saa tano Kimotho alikuwa amefunga magurudumu, ameshusha gari kutoka kwenye mawe, ameenda nalo madukani kuleta nepi na amerudi. Sitasema uongo, gari lilipendeza. Zile rimu ziling'aa hadi majirani wakatoka kuangalia. Akaoga, akavaa koti la harusi na tai. Nikamwona anatandika shuka jipya kwenye kiti cha nyuma, analinyoosha kwa mikono iliyojaa malengelenge.

Nilikuwa nimeshika mkoba, napita kando ya gari nielekee langoni, macho mbele, shingo ngumu. Sijui ni nini kilinifanya niangalie chini. Pembeni mwa nati za gurudumu la mbele kulikuwa na unga wa rangi ya fedha, kidogo tu, umemwagika juu ya rimu. Nikainama. Nikashika nati moja kwa vidole. Ikazunguka.

Kwa vidole, jamani! Nati ya gurudumu! Nilimwona Wavinya na kidonda chake kibichi kwenye kile kiti chenye shuka jipya, na mtoto kifuani, na ule mteremko wa kutoka mjini. Kimotho alishafungua lango. Akaingia kwenye gari akafunga mlango.

"Jogoo!" nikaita. "Wewe jogoo!"

Jogoo yuko kwenye sufuria. Kimotho akawasha gari.

Nikatupa mkoba, nikaenda nikasimama mbele ya gari, viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Kimotho!" nikapiga kelele. "Zima hiyo gari! Zima, Kimotho!"

Akazima. Akatoka nje ametumbua macho, kisha akakumbuka, akainamisha kichwa. Miaka mitano, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisikia nikitaja jina lake.

"Usiangalie chini, niangalie mimi," nikamwambia. "Hizo nati zimelegea. Unachukua mtoto wangu na mtoto wake kwa gari yenye nati za kufunguka na vidole. Lete jeki. Lete msasa. Na ni makosa yangu, uliniuliza jana nikanyamaza."

Hakubishana. Alivua koti akalitundika kwenye lango, akakunja mikono ya shati. Tukaanza na gurudumu la mbele. Yeye analitoa, mimi nakwangua matundu kwa bisibisi na msasa mpaka chuma kinaonekana, halafu upande wa nyuma. Ilibidi tuchuchumae kwenye gurudumu moja, magoti yetu karibu yaguse. Nilitarajia kitu kitokee, sijui nini, radi labda. Jirani alikuwa anaanika nguo, akaendelea kuanika.

Tulipomaliza gurudumu la tatu msasa ukaisha. Kimotho akaniambia kwa sauti ndogo, akiiambia rimu, kwamba kuna kipande kingine kwenye kidroo cha gari, mbele. Mikono yake ilikuwa imeshika jeki, kwa hivyo nikaenda mimi. Nikafungua. Juu ya msasa kulikuwa na bahasha, ya khaki, ya dukani kwake. Haikuwa imefungwa. Ndani kulikuwa na vipande vidogo vya karatasi, vimepangwa pamoja na kubanwa kwa klipu. Kila kimoja kimeandikwa Bi. Syokau Muthoka.

Nikarudi nayo. "Hii ni nini?"

Akaona bahasha, akaangalia pembeni kwa aibu.

"Ni jina lako," akasema.

"Najua ni jina langu! Ulinikata kwenye kadi zote. Nilikufanyia nini?"

"Si kukukata," akasema, na sasa akaniangalia kweli, machoni. "Nilikuwa nakutoa. Mjomba wake Wavinya aliniambia siku ile ya ntheo, jina la mama mkwe halichezewi, halitupwi chini, halikanyagwi. Na mimi ningepuliza rangi juu yake, kando ya tairi, kwa matope? Nilikaa Ijumaa jioni yote nikikutoa na wembe. Nikaogopa nimeacha hata moja."

"Na ule mkono wa ntheo? Uliruka kama nimekushikia nyoka."

"Mjomba alikuwa ameniambia nikikugusa nimeharibu kila kitu. Mbuzi, ndoa, kila kitu. Nilikuwa namtaka Wavinya sana." Akafuta pua na mgongo wa mkono, akajipaka rangi usoni. "Mimi mama yangu alikufa nikiwa darasa la sita. Sijui vile mtu anakaa na mama. Nilidhani hivi ndivyo ninyi mnapendwa, kwa kukaa mbali."

Nikakaa chini pale kwenye changarawe na bahasha yangu mapajani. Miaka mitano nilimchukia mtu aliyekuwa ananiheshimu kwa nguvu zake zote. Nilimwonea huruma, nikajionea huruma na mimi, na nikataka kumtafuta yule mjomba nimchape.

"Na hizi rimu?" nikamuuliza baadaye. "Kwa nini ilikuwa lazima zipakwe wiki hii?"

Akashika gurudumu akalitazama. "Mtoto ataitwa Wamuyu," akasema. "Ni jina la mama yangu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, tunasema ndiye huyo amerudi."

"Hata kwetu," nikasema.

"Basi nilifikiria, mama yangu anarudi nyumbani Jumapili. Alikuwa mtu wa kupenda usafi. Siwezi kwenda kumchukua na gari ya kutu."

Hapo nikamshika mkono. Mkono wenyewe ulikuwa na malengelenge na rangi ya fedha kwenye kucha, nami nikaushika kwa mikono yangu yote miwili, nikautikisa, salamu ile aliyoikimbia miaka mitano iliyopita. Alilia wazi. Nikalia naye. Jirani sasa aliacha kuanika nguo, akatuangalia.

"Nitakukaushia machozi baadaye," nikamwambia. "Bado gurudumu moja."

Tulimaliza saa nane kasoro. Kimotho akafunga nati kwa spana, mimi nikazipitia kila moja nyuma yake, naegemeza uzito wangu wote. Rimu zilikuwa na mikwaruzo mibaya kuzunguka matundu, zile alizopaka kwa mapenzi yote yale. Akaziangalia akaguna. Nikamwambia nitamfundisha kuzirekebisha nikiwa hapa, kwa sababu mwezi huu siendi popote. Akaenda akauokota mkoba wangu pale nilipoutupa, akaupangusa vumbi, akaurudisha chumbani bila kuuliza ulikuwa unaelekea wapi.

Halafu akafungua mlango wa mbele wa gari, ule wa kando ya dereva. Akasimama hapo ameushikilia, koti begani, uso una madoa ya fedha.

"Mwaitu," akasema. Ni Kikamba hicho, ndivyo tunavyomwita mama. Alikitamka vibaya, Kikikuyu kimejaa, lakini alikitamka. "Ingia."

Nikaingia na sufuria ya supu, nikaibana kati ya miguu. Tulipofika chini ya mteremko nikamwambia asimame kando ya barabara, kwa sababu matundu yakishakwanguliwa nati hukazwa tena gari likitembea kidogo. Akasimama. Nikashuka na spana, nikazunguka gari, gurudumu moja moja, nati moja moja, huku pikipiki zinapita na kutupigia honi. Hakuna iliyosogea. Nikarudi nikaketi, nikafuta mikono kwenye leso, nikamkuta amekaza macho kwenye barabara na ameushika usukani kwa nguvu, anangoja nimwambie.

"Ziko sawa," nikasema. "Twende tumchukue mama yako."